ATECC608B: mapitio ya mtu aliyekwisha kuibiwa bodi

Bodi ililetwa mezani kwangu ikiwa imeungua upande wa transista za mota, na aliyeileta akaniambia kwa upole kwamba kazi zangu siku hizi hazidumu. Nikaipokea, nikaigeuza. Rangi ile ile ya kijani, matundu ya skrubu pale pale, nembo yangu konani. Stika ilisema toleo la 4. Lakini kando ya kiunganishi cha mota, mahali pa neno PAMPU, pamechapwa PAPMU. Kosa hilo lilikuwa langu, la toleo la 2. Toleo la 3 nilikwisha kulisahihisha, kwa aibu, maana bodi 200 zilikuwa zimeshatoka zikiwa hivyo. Hapo nikajua nimeshika mtoto wa mtu mwingine aliyevishwa nguo za mwanangu.

Natengeneza bodi za kuendesha pampu za maji kwa umeme wa jua. Si kitu cha ajabu: mikrokontrola moja (chipu inayobeba na kuendesha programu), transista sita, vipimo vya mkondo na volti, na programu niliyoihangaikia miaka mitatu ili pampu ianze taratibu jua likiwa dogo na isizime wingu likipita. Thamani yote imo kwenye hiyo programu. Vipande vingine mtu yeyote anaweza kuvinunua.

Ile feki niliichunguza jioni nzima. Ilikuwa ya tabaka mbili kama yangu, na bodi ya tabaka mbili kuinakili hakuhitaji ustadi mkubwa: unang'oa vipande, unaisafisha, unapiga picha pande zote mbili, kisha unafuata njia za shaba moja moja kwenye kompyuta. Kapasita kubwa walizibadilisha wakaweka za volti ndogo, ndiyo sababu iliungua. Na programu je? Nilichomeka kisomaji changu kwenye pini nne za kuprogramu, nikaitoa, nikailinganisha na yangu baiti kwa baiti. Ilikuwa yangu, ya toleo la 2, nzima nzima. Hawakuvunja kitu chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kinga ya kusoma kumbukumbu ikiwa imezimwa, ili iwe rahisi kurekebisha bodi zikirudi, na zile pini nne nilikuwa nimeziandikia majina kwa herufi nzuri za kusomeka bila miwani.

Tangu siku ile nimejaribu mengi, na chipu hii ya kampuni ya Microchip, ATECC608B, kazi yake kutunza funguo za siri na kutia sahihi za kidijitali, ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko vingine vyote: miezi 14 sasa, kwenye bodi kama 1,100. Nimeinunua kwa fedha zangu. Hakuna aliyenitumia ya bure.

Kabla ya kuifikia nilipita njia ambazo kila fundi huzipita. Nilikwangua maandishi ya juu ya mikrokontrola kwa msasa. Bure kabisa. Mzoefu anaitambua chipu kwa idadi ya miguu, kwa mahali umeme unapoingilia na mahali kristali ilipokaa, na akishachomeka kisomaji, chipu yenyewe inamtajia jina lake. Nikahamia kwenye epoksi nyeusi.

Epoksi inatisha kwa macho. Unaimimina, inakauka, bodi inakuwa jiwe. Kundi la kwanza la bodi 60 nililizika hivyo na nikalala usingizi mzuri. Matatizo yakaja kwa zamu. Joto la transista halikupata pa kutokea, na epoksi hutanuka kwa joto kuliko bodi yenyewe, kwa hiyo kila mchana ilikuwa inazivuta zile kapasita ndogo za kauri mpaka nyingine zikapata nyufa. Nyufa za kauri hazionekani. Unachokiona ni bodi inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Kuitengeneza haiwezekani, unaitupa tu. Nikasema sawa, hiyo ndiyo bei ya usalama. Kisha nikampa kijana ninayefanya naye kazi bodi moja pamoja na bloa ya hewa moto na kijiti cha mianzi, nikamwambia ajaribu. Epoksi ya kawaida ikipata joto la kutosha inalainika, inakuwa kama mpira mgumu. Aliibandua vipande vipande kama mtu anayemenya yai, akaniletea mikrokontrola ikiwa safi baada ya dakika 40. Alikuwa anapiga mluzi.

Stika za usalama, zile zinazoacha maandishi zikibanduliwa, sitazisema sana. Zina kazi yake kumtisha mteja asifungue kisanduku. Mwenye hewa moto, au sindano ya kupenyeza kiyeyusho chini ya gundi, hazimsumbui.

Sasa chipu yenyewe. Ni kitu kidogo cha miguu minane, kwa umbo la SOIC au lile dogo zaidi la milimita 2 kwa 3. Mimi natumia SOIC kwa sababu macho yangu si ya ujana tena. Kati ya miguu minane inayofanya kazi ni minne: umeme, ardhi, SDA (waya wa data) na SCL (waya wa mapigo ya saa). Inakubali volti 2 hadi 5.5, na ikilala haifiki hata nanoampia 150, kwa hiyo kwa upande wa umeme haikuongezea bodi yangu mzigo wowote. Ndani ina nafasi 16 za funguo, vyeti na data, kizalishi cha namba nasibu, hesabu za usimbaji (mkunjo wa P-256, SHA-256 na AES-128), pamoja na namba yake ya pekee ya baiti 9 ambayo haibadilishiki.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ufunguo binafsi, ule wa siri wa kutilia sahihi, unazaliwa ndani ya chipu na haujawahi kutoka. Hata mimi mwenyewe siujui. Ninachokipata ni mwenzake, ufunguo wa umma wa kuhakikia sahihi hizo, ambao nautia sahihi kwa ufunguo wangu mkuu, na cheti hicho nakirudisha ndani ya chipu. Bodi inapowaka, mikrokontrola inaitupia chipu namba nasibu ya baiti 32. Chipu inaitia sahihi, inarudisha baiti 64. Mikrokontrola inahakiki sahihi ile kwa ufunguo wa umma, na ufunguo wa umma kwa cheti changu. Aliyekaa pembeni akinasa mazungumzo yote hatapata cha kurudia kesho, kwa kuwa kesho namba itakuwa nyingine. Na anayekwenda kununua ATECC608B yake mpya anapata chipu halali kabisa, ila haina cheti changu. Hapo ndipo nilipoipenda: chipu yenyewe inauzwa wazi, hakuna anayezuiwa kuinunua, na bado haimsaidii mwizi.

Kuiweka kwenye bodi kulikuwa rahisi, ila kuiamsha kulinipotezea siku mbili ambazo nataka kumwokolea mwingine. Chipu hii inalala. Ili iamke lazima mstari wa SDA ushikiliwe chini kwa mikrosekunde 60 au zaidi. Njia ya mkato tunayoitumia wengi ni kutuma anwani ya sifuri, biti nane zote sifuri. Kwa kasi ya kilohezi 100 biti hizo zinachukua mikrosekunde 80, inaamka. Bodi yangu ilikuwa inakwenda kilohezi 400, yaani mikrosekunde 20, na chipu ikaendelea kukoroma huku mimi nikibadilisha rezista, nikibadilisha chipu, nikimlaumu aliyechomelea. Oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ndiyo iliyonitoa gizani. Shusha kasi wakati wa kuamsha, kisha ipandishe. Ikiamka vizuri inakujibu 04 11 33 43, na nilipoziona namba hizo kwa mara ya kwanza niliinuka nikazunguka meza. Ukishaiamsha usiende kunywa maji: baada ya sekunde 1.3 hivi inalala yenyewe, umemaliza hujamaliza.

Kuna jambo la kufunga. Eneo la mipangilio lina baiti 128 zinazosema nafasi ipi ni ya ufunguo, ipi isomeke, ipi iandikwe. Ukishalifunga, limefungwa daima. Hakuna neno la siri la kurudia, hakuna kufuta ukaanza upya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mlango wa kurudi kwako ungekuwa mlango wa kuingilia mwingine. Mimi niliua chipu 11. Ya kwanza niliiandikia nafasi ya ufunguo binafsi kama nafasi ya data ya kawaida. Saba zilizofuata zilikufa kwa kosa moja, kwa sababu sikuangalia nilichokuwa nakirudia. Amri ya kufunga inakuruhusu kutuma jumla ya ukaguzi ya kile unachoamini umekiandika, na chipu ikiona hakilingani inakataa kufunga. Nilikuwa naiona amri hiyo kwenye maktaba ya programu ya CryptoAuthLib, ile ya bure ya mtengenezaji, na nilikuwa nairuka kwa haraka zangu. Ukiwa mgeni kabisa wa mambo haya, zipo aina zilizokwisha kupangwa kiwandani, Trust&GO na TrustFLEX. Anza nazo.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa, ambalo si la chipu.

Toleo langu la kwanza lilifanya hivi: hakiki sahihi, ikiwa sawa, endelea, ikiwa si sawa, simama. Nikaona nimemaliza. Nikampa tena yule kijana wa mianzi, safari hii pamoja na nakala ya programu, kwa kujifanya kwamba mwizi amekwisha kuipata. Hakuigusa chipu hata kidogo. Alitafuta mahali palipoandikwa "ikiwa", akabadilisha amri moja ya baiti mbili, bodi ikawaka bila chipu. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amemaliza. Nilikuwa nimeweka mlinzi hodari mlangoni, kisha kazi yote ya mlinzi nikaipitisha kwenye swali moja la ndiyo au hapana, na jibu nikaliacha mikononi mwa yule yule anayelindwa dhidi yake.

Kwa hiyo nilipanga upya. Bodi haimuulizi tena mlinzi kama mgeni ni halali. Inamuomba kitu ambacho bila hicho haiwezi kutembea. Jedwali la kasi ya mota, lile la miaka mitatu, sasa linakaa kwenye kumbukumbu likiwa limesimbwa, na ufunguo wa kulisimbua unakokotolewa ndani ya chipu kutokana na siri iliyo kwenye nafasi mojawapo na namba ya pekee ya mikrokontrola ile. Futa "ikiwa" zote unazozitaka. Utabaki na jedwali la takataka na pampu isiyojua izunguke vipi. Tahadhari moja hapa: ufunguo ukitoka kwenye chipu unapita kwenye SDA, na mtu mwenye kinasa mawimbi atauona ukipita uchi. Chipu hii ina ufunguo wa kulinda mazungumzo kati yake na mikrokontrola, nao unapaswa kuwashwa. Niliona watu wakijivunia chipu hii huku siri yao ikipita barabarani mchana kweupe.

Na kinga ya kusoma ya mikrokontrola niliiwasha, bila shaka, ingawa siitegemei peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Fraunhofer AISEC, taasisi ya Ujerumani, walionyesha hadharani jinsi ya kuipita kinga ya namna hiyo kwenye familia ya mikrokontrola za STM32F0, kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kuifungua chipu na kuipiga mwanga wa urujuanimno (UV). Mikrokontrola ilibuniwa kwa ajili ya kuendesha mota na kusoma vitufe. Kutunza siri ni kibarua ilichopewa baadaye.

Je, 608B yenyewe haivunjiki? Mtangulizi wake, ATECC508A, ilitolewa siri kwa leza na watu wa Ledger Donjon, maabara ya usalama ya kampuni ya Ledger, mwaka 2020, na mwaka uliofuata wakaifikia na 608A, safari hii wakihitaji kupiga leza zaidi ya mara moja katika shambulio moja. Hiyo ni kazi ya maabara: kufungua mgongo wa chipu bila kuiua, kutafuta nukta ya kupiga, kuhesabu nanosekunde. Kwa pochi ya sarafu za kidijitali yenye mali nyingi ndani, ningefikiri mara mbili. Kwa pampu ya maji, yule anayenunua kapasita za volti ndogo ili aokoe kidogo hatakodi leza. Siri ya kila bodi yangu pia ni tofauti, hivyo atakayeivunja moja amevunja hiyo moja.

Njia rahisi zaidi ya kunishinda niliigundua mwenyewe nikiwa nafagia: bodi zilizokufa. Kila bodi yangu iliyoungua ina ndani yake chipu nzima yenye cheti halali. Mtu akikusanya mizoga hamsini, ana chipu hamsini. Kwa kuwa ufunguo wa jedwali umefungwa na namba ya mikrokontrola ile ile, itambidi ahamishe vyote viwili pamoja, na mikrokontrola ya bodi iliyoungua mara nyingi imekwenda nayo. Hata hivyo sasa nadai bodi mbovu irudi ndipo nitoe mpya, na inaporudi nairusha chini ya nyundo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoendelea kufuatilia ile bodi ya PAPMU nilianza kujiuliza faili zangu za kutengenezea bodi zimepita mikono mingapi, na jibu halikunifurahisha. Sitaji mtu, sina ushahidi wa kusimama nao. Ila kuna mchezo unaojulikana kwa kila anayeagiza kazi kiwandani: unaagiza bodi 500, zinatengenezwa 700, mia mbili zinatoka kwa mlango wa nyuma. Hizo si feki kwa maana ya kawaida. Vipande ni vile vile, mikono ile ile, hata kosa la herufi ni lile lile. Hakuna lenzi itakayokuonyesha tofauti.

Hapa ndipo chipu ilinilipa zaidi kuliko nilivyotarajia. Chipu nazipanga mwenyewe, mezani, kwenye kompyuta isiyogusa intaneti, na ufunguo mkuu hautumiki nje ya chumba hicho. Nahesabu 500, nafunga kwenye mirija yake, napeleka. Bodi zinarudi zikiwa bubu. Ndoa kati ya chipu na mikrokontrola naifungisha mimi, na jedwali la kasi kiwanda hakijawahi kuliona. Mara ya kwanza zilirudi bodi 488 nzima, 9 zenye kasoro, na chipu 3 hazikujulikana zilipo. Nikaandika namba zake za baiti 9 kwenye daftari, nikaamuru kifaa changu cha kupimia kisizikubali. Kundi lililofuata hakuna iliyopotea. Sijui kama ni bahati au kuna mtu aliambiwa zinahesabiwa.

Na chipu zenyewe nunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji, usinunue kwa mtu wa kati mwenye picha nzuri. Ripoti ya kamati ya majeshi ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2012 ilikuta visa kama 1,800 vya vipande vinavyoshukiwa kuwa bandia kwenye ugavi wa vifaa vya kijeshi, jumla ya vipande zaidi ya milioni moja. Ikiwa ndege za kivita zinauziwa chipu zilizong'olewa kwenye takataka na kupakwa rangi upya, mimi na wewe ni nani? Namba ya 608B ya kawaida, isiyopangwa kiwandani, huanza na 01 23 na kuishia na EE. Ukiona tofauti, simama, ingawa ukiona sawa bado hujathibitisha kitu mpaka itie sahihi.

Kuna jambo ambalo chipu hii haifanyi, na matangazo ya chipu za aina hii hupenda kulipita haraka. Inazuia kuigwa. Haizuii kuchokonolewa. Mtu akifungua kisanduku cha bodi halali akachomeka waya kwenye kipimo cha mkondo ili kudanganya mota, chipu itaendelea kutia sahihi zake kwa furaha. Mwaka 2008 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba mashine za kulipia kwa kadi zenye swichi na wavu wa kinga zinaweza kuchomekwa waya mwembamba kupitia upenyo na kunasa mazungumzo ya kadi. Swichi hazikulia. Waya ulipita mahali ambapo hakuna aliyefikiri pa kulinda.

Wakubwa wa kazi hii wanazungushia bodi nzima wavu wa nyaya nyembamba uliozikwa kwenye gundi, kama ilivyokuwa kwa moduli za kutunza siri za IBM 4758 za miaka ya 1990: kata uzi mmoja, funguo zote zinafutika. Mimi nilijaribu ndugu yake maskini. Mikrokontrola yangu ina pini ya kugundua uvamizi. Nikaweka kiswichi chini ya mfuniko na betri ya CR2032, ili mfuniko ukiinuliwa rejista za akiba (kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri) zifutwe, hata umeme ukiwa umekatwa. Mezani ilifanya kazi kwa uzuri wa kushangaza. Sikukumbuka kwamba pampu inatetemeka. Katika wiki tatu bodi 14 zilijifuta zenyewe zikiwa zimefungwa skrubu zote nne, na nikatumia mwezi mzima kuwaeleza watu wenye matangi makavu kwamba pampu zao zimezimika kwa usalama wao. Swichi niliiondoa. Siku hizi bodi inaandika tu kwenye kumbukumbu kwamba mfuniko umefunguliwa, kwa kihisi mwanga, baada ya kuona mwanga kwa sekunde tano mfululizo, na haifuti chochote.

Kwa bodi chache zinazokwenda mahali penye wasiwasi napaka rangi ya kucha yenye vimetameta juu ya skrubu na kiunganishi, napiga picha ya karibu, naihifadhi. Mpangilio wa vimetameta hakuna anayeweza kuurudia. Njia hii ilielezwa kwenye mkutano wa wadukuzi wa 30C3 mwaka 2013 na sijaona stika inayoishinda. Binti yangu ndiye mtaalamu wa rangi.

Swali lililonisumbua kuliko la kiufundi ni hili: bodi ikigundua kwamba imeigwa, ifanye nini? Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva iliyozikuta chipu bandia za FT232, zile za kuunganisha vifaa kwa USB, ndani ya vifaa vya watu na kuzibadilishia namba ya utambulisho kuwa sifuri, zikaacha kutambuliwa na kompyuta. Waliopiga kelele hawakuwa waghushi. Walikuwa watu walionunua kebo kwa nia njema. Draiva ikaondolewa. Kwa hiyo programu yangu haiunguzi kitu wala haifuti kitu. Bila jedwali haiendeshi mota, na taa inawaka mara saba, inatulia, inawaka mara saba tena. Kwenye karatasi ya maelekezo nimeandika taa saba maana yake nini na wapi pa kuuliza. Watu wanne wameshanipigia kwa sababu ya taa hizo. Wote wanne walikuwa wameuziwa wakiamini ni yangu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa ajili ya maelezo: waraka kamili wa familia hii umekuwa ukitolewa kwa makubaliano ya usiri, na muhtasari wa wazi unamwacha mgeni akipapasa. Kama unatengeneza bodi tano kwa mwaka, achana nayo, washa kinga ya kusoma na ulale. Kama programu yako haina thamani na kinachouzwa ni chuma, pia achana nayo. Kama una ratiba ya wiki mbili, usiiguse: mimi ilinichukua miezi mitatu mpaka nikaiamini, na sehemu kubwa ya miezi hiyo nilikuwa naandika kifaa cha kuzipangia na kufikiria ufunguo mkuu utakaa wapi nikifa ghafla. (Uko kwenye bahasha mbili, kwa watu wawili wasioelewana.)

Mwezi uliopita nililetewa bodi nyingine ya taa saba. Safari hii waliniiga toleo la 5, kazi safi kuliko ya kwanza, PAMPU imeandikwa vizuri. Niliiweka chini ya lenzi kutafuta walichofanya mahali pa chipu. Nilitegemea kukuta soketi tupu. Kumbe kwenye ile miguu minane walikuwa wamechomelea kitu, kwa solda nadhifu kabisa: 24C02, chipu ya kumbukumbu ya kawaida, ambayo umeme, ardhi, SDA na SCL zake zimekaa miguu ile ile. Niliisoma. Baiti zote 256 zilikuwa tupu.